Lori la Sentimita 50 kwenye Barabara ya Masisi

Sikilizeni hii, wadogo zangu. Mwaka 1995 volkano moja ya safu ya Virunga ililipuka vibaya sana. Ardhi ilipasuka, magorila wakakimbia ovyo, na mji wa kale uliojificha msituni ukafunikwa na lava. Watu wa nchi nyingi walilipa kiingilio ili waione. Lakini huku kwetu mashariki mwa Kongo, Sake hakuna aliyefunga mzigo akahama, Rubaya hakuna aliyesikia mtikisiko, na ukiutafuta mlima ule kwenye ramani, mlima Mukenko, hutauona. Ilikuwa filamu, jina lake Congo, iliyotokana na kitabu alichoandika Michael Crichton mwaka 1980. Moto ule ulitungwa na mafundi wa California. Na magorila? Watu, wamevaa mavazi ya manyoya kutoka karakana ya Stan Winston.

Nimeanza na mlima wa uongo kwa sababu ninyi mnaishi jirani na ile ya kweli. Mtoto wa Sake ameiona volkano ya Nyamuragira usiku ikipaka mawingu rangi nyekundu. Wazee wake walihadithiwa jinsi lava ya 1938 hadi 1940 ilivyoteremka mpaka ikaingia Ziwa Kivu. Mtoto wa Walikale ana mjomba anayeweza kumwonyesha kiota alicholala gorila jana. Fundi wa mbali hulipa fedha nyingi ili aone mambo hayo, tena kwa siku chache tu.

Sasa, kazi yenyewe ni ipi? Ni kutengeneza kitu kisichokuwapo, au kilicho hatari, au kilicho ghali mno, kisha kamera ikubali kuwa kipo. Wenyewe huita efekti. Wengine hutumia kompyuta, wengine rangi na mpira usoni mwa mwigizaji, na wengine, hao ndio wa leo, hujenga modeli: nyumba, meli, daraja au mlima mzima uliopunguzwa ukubwa. Televisheni ya Uingereza, BBC, ilianzisha idara yake ya efekti mwaka 1954 ikiwa na watu wawili tu, Jack Kine na Bernard Wilkie. Miaka kumi na moja baadaye, katika mji wa Slough, Derek Meddings alikuwa akitengeneza roketi na malori ya kipindi cha vikaragosi kiitwacho Thunderbirds. Aligundua kwamba gari dogo likisukumwa kwenye barabara ya modeli huyumba na kutoka haraka mbele ya kamera. Akaligeuza jambo hilo: gari likasimama palepale, na barabara ndiyo ikakimbia chini yake, imezungushwa kwenye magogo, na vilima vya nyuma vikakimbia vilevile, lakini polepole zaidi. Ukiwa ndani ya basi la kwenda Goma, tazama dirishani: nyasi za karibu hupita mbio, kilima cha mbali hakina haraka. Meddings alikuwa ameangalia dirishani.

Wengi hudhani siri ya modeli ni udogo. Jicho halijali udogo. Ukimwonyesha mtu nyumba iliyo peke yake kwenye picha, hana namna ya kujua kama ina mita sita au sentimita sita. Kinachomfichulia ni uzito. Kitu kizito huanza kwenda kwa kusitasita, na kikianza hakisimami upesi. Kikiwa kikubwa, huchukua muda mrefu kufika chini. Kitu chepesi na kidogo hurukaruka na kufika chini mara moja. Jicho lako limejifunza hayo tangu ulipoanza kutambaa, na hakuna anayeweza kulisahaulisha.

Tuingie kazini basi. Tuseme televisheni inatengeneza mchezo, na katika mchezo huo lori la Fuso limekwama kwenye barabara ya kutoka Sake kwenda Masisi wakati wa mvua, kisha ukingo wa kilima unaporomoka na kulisukuma. Jambo hilo mnalijua. Huwezi kumporomoshea dereva kilima cha kweli. Utajenga.

Chagua skeli kwanza. Mimi nachagua 1 kwa 16, na nina sababu. Lori la mita 8 litakuwa na sentimita 50, ukubwa unaoweza kuushika na kuupaka rangi vizuri. Mtu wa mita 1.60 atakuwa na sentimita 10. Ukishachagua usibadilishe hata kwa kitu kidogo: mlango, gunia, kuku aliyefungwa juu ya mzigo, vyote vigawanywe kwa 16. Hapo ndipo modeli nyingi za shuleni zinapoharibika. Nyumba ina skeli yake, mti una skeli yake, na mtu ni yule aliyepatikana kwenye kisanduku cha vitu vya kuchezea.

Sasa kuanguka. Angusha jiwe kutoka mita 16: litafika chini baada ya sekunde 1.8 hivi. Angusha jiwe lilelile kutoka mita 1: litafika kwa sekunde 0.45. Urefu umegawanywa kwa 16, lakini muda umegawanywa kwa 4 tu, na 4 ndiyo ile namba ukiizidisha kwa yenyewe unapata 16. Hii ni sheria ya dunia yetu, haiombwi ruhusa. Maana yake ni kwamba kilima chako cha modeli kitaporomoka haraka mara 4 kuliko kilima cha kweli, na mtazamaji atajua mara moja kuwa ni udongo wa kwenye beseni. Dawa ni kupiga picha nyingi mara 4 kwa sekunde, kisha kuzionyesha kwa mwendo wa kawaida. Simu nyingi hupiga fremu 30 kwa sekunde, na nyingi kati ya hizo zina uwezo wa fremu 120 katika ule mwendo wa pole. Gawanya 120 kwa 30. Mmeona kwa nini nilichagua 16?

Na simu hiyo msiishike kwa woga. Ndani yake kuna vipande vya tantalamu, madini yanayotolewa kwenye koltani, na mnajua Rubaya wanachimba nini. Nyaya zake zimeunganishwa kwa bati, na Bisie ya Walikale inatoa kasiteriti, ambayo ndiyo jiwe la bati. Aliyetoa mawe ana haki ya kujua mashine inavyofanya kazi.

Turudi kwenye lori. Lijenge kwa katoni ngumu, mbao nyembamba, waya, na kandambili zilizochakaa kwa ajili ya magurudumu. Wengi wenu mmeshaunda chukudu za mbao na magari ya mianzi, kwa hiyo hapa sina la kuwafundisha isipokuwa mawili. La kwanza, lijaze mawe au mchanga. Lori jepesi likiguswa na udongo litaruka juu kama kifuniko cha chupa, na kazi yako imekwisha. Liwe zito, na magurudumu yake yazame kidogo. La pili, lichafue. Lori jipya linalong'aa ni la dukani. Lori la Masisi lina matope yaliyokauka tabaka juu ya tabaka, mengi nyuma ya magurudumu na machache mlangoni. Turubai lake limepauka juu na kubaki na rangi kwenye mikunjo. Magunia ya makaa huacha vumbi jeusi ubavuni. Kutu huanzia kwenye misumari na kuteremka kufuata maji ya mvua. Usipake uchafu kwa kubahatisha. Nenda pale Sake wanapopakia, kaa, andika, chora. Ukiulizwa unapeleleza nini, mwonyeshe mwenye lori michoro yako kwanza. Nchi yetu ina watu wengi wenye sababu ya kuogopa mtu anayeandika kando ya barabara.

Kisha kilima. Udongo uchekeche kwa kitambaa au chujio la chai mpaka uwe laini sana, kwa sababu bonge la sentimita 5 katika skeli yetu ni jiwe la sentimita 80. Ukitaka mawe hayo, yaweke kwa kuhesabu. Nyasi za kilima ni yale majani mafupi laini yanayoota juu ya mawe ya lava mahali penye unyevu, yabandue taratibu. Mikalitusi itoke kwenye waya uliosokotwa na vijani vikavu. Mgomba ni mgumu kuliko yote: majani yake yakiwa mazima unaonekana wa plastiki, kwa hiyo yachane kingo kwa wembe kama upepo unavyoyachana.

Masisi ina vilima nyuma ya vilima, na cha nyuma huwa kimepauka kuliko cha mbele kwa sababu ya ukungu. Modeli yenye urefu wa mita tatu haina ukungu. Kata kilima cha pili kwenye katoni, kisimamishe nyuma, halafu tandaza kipande cha chandarua mbele yake. Kilima cha tatu, vipande viwili. Chandarua kikinyooka vizuri hakionekani, ila kinaiba rangi kidogo, na ghafla una kilomita tano nyuma ya lori lako. Naomba kiwe chandarua kilichokwisha kuchanika. Mama akikuta umekata kile cha kitandani, hadithi yangu haina msaada.

Weka kamera chini. Wanaoanza hupiga modeli wakiwa wamesimama, basi picha inatoka kana kwamba imepigwa kutoka kwenye helikopta. Mtu aliyesimama kando ya lori letu ana macho kwenye sentimita 9 au 10, basi kioo cha kamera kikae hapo, hata ikibidi kuchimba shimo. Na upige kwenye jua kali la saa nne asubuhi kabla mawingu hayajashuka, maana fremu 120 zinataka mwanga mwingi. Taa za nyumbani hazitatosha.

Maji nitayapita haraka, kwa sababu yananishinda na yamewashinda wengi. Tone la maji halikubali skeli. Mto Lowa ukiupunguza mara 16, matone yake yanabaki na ukubwa uleule, na povu linabaki povu la kuoshea vyombo. Hata filamu ya Titanic ya mwaka 1997, ambayo modeli yake ya meli nzima ilikuwa ya skeli 1 kwa 20, yaani zaidi ya mita 13, bahari iliyoizunguka modeli hiyo ilitengenezwa kwa kompyuta. Kama hadithi yako ina mafuriko, jenga kubwa au badilisha hadithi.

Lava ni rahisi zaidi, na hapa tuna ubishi wetu. Katika filamu Volcano, ya mwaka huo wa 1997, walimwaga lava iliyotengenezwa kwa metiliselulosi, unga ambao viwanda vya chakula hutumia kufanya vitu viwe vizito. Ninyi mna muhogo. Pika uji mzito, utie rangi, uumwage juu ya kioo chenye taa chini yake, na juu yake nyunyiza makaa yaliyosagwa yawe gamba. Ubishi ni huu: lava ya sinema karibu zote hutambaa polepole ili shujaa apate nafasi ya kuongea. Lava ya volkano yetu ya Nyiragongo ni nyepesi kuliko za volkano nyingi duniani. Mwaka 1977 iliteremka mlimani kwa kasi ambayo mtu hawezi kuikimbia. Waliokuwa Goma Januari 2002 na Mei 2021 wanaweza kuwaeleza rangi yake, harufu yake, na jinsi gamba jeusi linavyopasuka na kuonyesha wekundu chini. Waulizeni, andikeni.

Sasa gorila. Mwaka 1933 Wamarekani walitoa filamu iitwayo King Kong, na jitu lile lililopanda jengo refu kuliko yote la New York wakati huo lilikuwa modeli za sentimita 46 hadi 61 hivi. Ndani lilikuwa na mifupa ya chuma yenye viungo, juu yake pamba na mpira, na ngozi yake ilikuwa ya sungura. Aliyelijenga ni Marcel Delgado, kijana mzaliwa wa Mexico ambaye alikuwa akifanya kazi kwenye duka la vyakula huku akijifunza sanaa, mpaka Willis O'Brien alipomwona darasani na kumvuta kazini. O'Brien ndiye aliyeongoza kazi ya kulitembeza. Sogeza mkono kidogo, piga fremu moja. Sogeza tena, piga tena. Fremu 24 kwa sekunde, yaani 1,440 kwa dakika moja. Hapa hakuna kitu kinachoanguka chenyewe, kwa hiyo uzito wote lazima utoke kichwani mwa fundi: bega lishuke kabla ya mguu kukanyaga, mwili ubaki nyuma kidogo wakati kichwa kimeshageuka. Ukitazama vizuri utaona manyoya ya Kong yakicheza. Ni alama za vidole vya mafundi, kila walipomshika.

Mtoto wa Walikale akimtazama Kong atacheka, kwa sababu Kong anasimama wima mno. Gorila wa kwetu, yule wa nyanda za chini anayeitwa wa Grauer, hutembea akikanyagia vifundo vya vidole vya mikono, na dume lake laweza kupita kilo 200. Hesabu iliyotolewa mwaka 2021 ilikadiria wamebaki 6,800 hivi, wote mashariki mwa Kongo, na sehemu yao wako katika misitu ya Walikale kama ile ya Nkuba, ambako wenyeji hufuata nyayo zao na kuhesabu viota. Rick Baker, aliyetengeneza mavazi ya magorila kwa filamu Gorillas in the Mist ya 1988, alichanganya watu waliovaa mavazi hayo na magorila wa kweli wa Rwanda, na watazamaji wengi hawakutambua nani ni nani. Ugumu mmoja wa vazi la gorila ni mikono: mkono wa binadamu ni mfupi mno, lazima urefushwe ndani ya vazi. Mfuatiliaji wa Nkuba angeweza kumfundisha fundi yeyote wa Hollywood jinsi dume linavyokaa chini, na kukaa chini ndiko kunakoonyesha uzito kuliko kupiga kifua. Kupiga kifua kila mtu ameshakuiga.

Jirani zetu wa Uganda wamekwenda njia nyingine. Katika kitongoji cha Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alianzisha studio yake mwaka 2005, ambayo dunia imezoea kuiita Wakaliwood, na filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 imetazamwa na watu wengi duniani. Dauda Bisaso ndiye fundi wake wa vifaa, mtu anayeunda bunduki kubwa kwa vyuma chakavu. Helikopta za Nabwana zimechorwa kwa kompyuta na hazina uzito hata chembe, naye anajua, na watazamaji wanajua, na wote wanacheka pamoja. Ukiamua kuchekesha, sheria zangu zote zilizopita unaweza kuzigeuza juu chini. Ila uziamue. Kilichopotoka kwa kutojua hakichekeshi.

Kuhusu bunduki nasimama kidogo, kwa sababu Masisi na Walikale si Kampala. Kwetu bunduki ya mbao ikibebwa barabarani jioni inaweza kumuua aliyeibeba. Usiitengeneze, hata kwa mchezo, hata kama mwenye kamera ni rafiki yako. Na chuma chochote usichokijua kilicholala shambani au kando ya kambi ya zamani, usikiokote kwa ajili ya modeli. Kiache, weka alama mbali nacho, mwite mtu mzima. Milipuko ya sinema hufanywa na watu wenye vibali, wakiwa na wazima moto pembeni. Hadithi nzuri za vita zinaweza kupigwa zikionyesha sufuria inayotikisika mezani na vumbi likidondoka darini, na hilo mnaweza kulifanya kwa kamba.

"Papa, kazi hii inalipa?" ndilo swali ambalo wasikilizaji huniuliza. Kwa filamu peke yake, hapa kwetu, ni mara chache. Anayejua modeli hujengea pia ofisi za wachora majengo na majumba ya makumbusho, hutengeneza matangazo, na huwatengenezea walimu kilima kinachoonyesha kwa nini shamba lisilo na miti huporomoka. Goma kuna kituo cha Yole!Africa, ambacho kimefundisha vijana wengi kushika kamera, ingawa vita vimevuruga mengi katika jimbo letu. Kinshasa kuna Académie des Beaux-Arts, iliyoanzishwa mwaka 1943. Na kompyuta haijaifuta kazi ya mikono: mwaka 2019, kampuni ya Industrial Light & Magic, ileile iliyofanya kazi kwenye filamu Congo, ilijenga modeli ya chombo cha angani kwa ajili ya kipindi cha televisheni The Mandalorian na kuipiga kwa kamera, ingawa ilikuwa na kompyuta za kila aina.

Mkongomani aliyefika mbali kuliko wote kwa modeli hakugusa sinema. Bodys Isek Kingelez alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, magharibi mwa nchi, akaenda Kinshasa mwaka 1970, akawa mwalimu. Kisha akaanza kujenga majengo kwa karatasi, katoni, vifuniko vya chupa na mirija ya kunywea soda. Baadaye angejenga miji mizima, ukiwamo mji wa mwaka 1994 ambao ni kijiji chake mwenyewe kikiwa na majumba marefu. Kazi zake zilionyeshwa Paris mwaka 1989, na mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kifo chake, jumba la MoMA la New York lilimfanyia maonyesho makubwa. Lakini mwanzoni, alipopeleka jengo lake la karatasi kwenye makumbusho ya taifa ya Kinshasa, wataalamu walilitazama, wakamtazama yeye, na hawakuamini. Kazi ilikuwa nzuri mno. Walishuku ameliiba. Wakamtaka atengeneze jingine palepale.

Kwa hiyo piga picha kila hatua ya lori lako, tangu katoni tupu hadi tope la mwisho, na weka rula pembeni ili ukubwa uonekane. Kingelez yeye ilibidi athibitishe kwa mikono. Alikaa, akajenga la pili mbele ya macho yao, na makumbusho ikampa kazi ya kukarabati vitu vyake vya kale.